Kabla hujabadilisha jina la fanksheni, uliza nani amelirithi

Jumatatu nimekuta ombi la kuunganisha mabadiliko kwenye msimbo wetu (pull request) lililogusa mafaili 64, juu yake limeandikwa: "Nimesafisha majina." Ni la tatu mwaka huu. Walioyaleta ni vijana watatu tofauti, wote hodari, wote nimekaa nao barazani hapa Langoni, Lamu, tukila mahamri, na wote wamerudia kosa nililolifanya mimi. Safari hii sijibu chini ya ombi. Naandika hapa, ili kila anayejiunga nasi asome kabla hajashika kitu.

Maktaba yetu, yaani msimbo ambao programu za watu wengine huutumia, mnaijua: inapiga hesabu ya maji kujaa na kupwa, imeandikwa kwa lugha ya Python, na majina ya fanksheni zake niliyaanza kwa mtindo wa ngamia, maneno yameshikana na kila jipya lina herufi kubwa, kwa kuwa nilitokea kwenye lugha ya Java. kimoChaMaji, bamvuaIjayo, rekebishaSaa. Wenye Python, kwa mwongozo wao wa PEP 8 ulioanza mwaka 2001, hupendelea herufi ndogo na mistari ya chini: kimo_cha_maji. Hoja ya kubadilisha ni ya haki. Ninachogomba nacho ni haraka.

1. Jina likishatoka kwenye toleo, si lako peke yako tena. Wenye Python wenyewe wanalijua hili. Jina la zamani assertEquals kwenye unittest, zana yao ya majaribio, walilitolea onyo kwa zaidi ya miaka kumi ndipo wakaliondoa, katika toleo la 3.12 la mwaka 2023. Kwenye threading, sehemu yao ya kuendesha kazi kadhaa kwa pamoja, current_thread iliingia mwaka 2008, na currentThread bado iliachwa ikifanya kazi miaka mingi baadaye. Na logging, ile ya kuweka kumbukumbu? Fungua leo utaikuta getLogger palepale, ngamia mzima. Si kwamba hawakuliona. Walipima watu wangapi wangeumia.

2. Komiti (commit, yaani fungu la mabadiliko linalohifadhiwa kwenye historia ya msimbo) ya kubadilisha majina isichanganywe na komiti ya kurekebisha hesabu, hata kama mstari unaoudhi uko mbele ya macho yako.

3. Tafuta-na-badilisha haioni kila kitu. Haioni jina lililoandikwa kama maandishi ndani ya getattr, inayotafuta kitu kwa jina lake. Haioni msimbo wa watu wengine. Tena usijifariji kwamba majaribio yote yamepita, kwa sababu sed, hiyo programu ya kutafuta-na-kubadilisha, iliyobadilisha maktaba ndiyo hiyo hiyo iliyobadilisha majaribio.

Hapa lazima nisimulie yangu.

Usiku mmoja nilibadilisha majina yote. Sikuwa mzembe, au ndivyo nilivyojiona: kila jina la zamani niliacha lakabu inayoita jina jipya, ili msimbo wa watu usivunjike. Majaribio yakapita. Nikatoa toleo, nikabadilisha tarakimu ya mwisho tu, 1.4.2 ikawa 1.4.3, ile tarakimu inayowaambia watu kwamba hakuna jipya, chukueni bila wasiwasi. Nikalala.

Kulikuwa na kijana aliyekuwa akichapisha karatasi ya maji kila wiki na kuibandika dukani karibu na gati. Kompyuta yake ilichukua matoleo mapya yenyewe. Alikuwa amerithi darasa (class) letu la ratiba, yaani amejenga lake juu ya letu, na kuiandika upya fanksheni moja, rekebishaSaa, ipunguze saa sita, ili watu wasome saa kwa Kiswahili. Kazi safi kabisa, na ndivyo nilivyowaelekeza watu wafanye.

Sasa fuateni. Darasa mama, baada ya usiku ule, halikuita tena rekebishaSaa. Liliita rekebisha_saa. Darasa mtoto halikuwa na hiyo, kwa hiyo likachukua ya mama, ambayo hairekebishi chochote. Ile ya kijana ikabaki pale, nzima, haiitwi na mtu. Lakabu yangu haikusaidia kitu, maana lakabu hutoka jina la zamani kwenda jipya; hairudi nyuma kumtafuta mrithi. Hakuna kosa lililotokea, hakuna mstari mwekundu. Karatasi ikachapwa vizuri, ina safu ya mchana na safu ya usiku kama kawaida, na kwenye safu ya mchana imeandikwa 7:30 badala ya 1:30.

Kutoka maji kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika kumi na mbili hivi. Kati ya saa za Kizungu na za Kiswahili ni saa sita. Yaani karatasi yangu ilionyesha maji yamejaa karibu wakati hasa yalipokuwa yamekauka.

Mama mmoja alifiwa na kaka yake Faza usiku. Habari ilimfikia alfajiri. Akaitazama karatasi aliyokuwa nayo nyumbani, akasoma saa saba na nusu mchana, akajua ana nafasi ya kupanga watoto na kukusanya vitu. Nahodha yeye hakusoma karatasi yoyote, na hahitaji. Chombo cha Faza hupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, na Mkanda hupitika maji yakiwepo, basi akaondoka na maji ya asubuhi. Mama alipofika gatini, mashua zilikuwa zimelala kwenye matope. Kaka yake alizikwa baada ya alasiri, naye yuko Lamu.

Aliporudi baada ya hitima nilikwenda nyumbani kwake Mkomani. Nilimweleza kwamba hesabu ile ni yangu na kosa ni langu, si la kijana wa karatasi, nikamwomba radhi. Aliingia ndani akatoka na karatasi. Ilikuwa imekunjwa mara nne, na ile 7:30 ameizungushia duara kwa kalamu ya buluu. Akaniuliza, "Sasa ziko sawa?" Nikasema ziko sawa. Akaniuliza maji ya Ijumaa ni saa ngapi.

Ndiyo maana nakuwa mkali, wanangu. Mnaponiambia "ni jina tu", mimi naliona duara lile.

4. Fanksheni inayoruhusiwa kuandikwa upya na warithi ishughulikiwe peke yake: weka __init_subclass__, ambayo Python huiita kila darasa likirithiwa, kwenye darasa mama, ikague kama mtoto ana jina la zamani, imwonye mwenyewe na imuunganishie na jipya.

5. Kwenye DeprecationWarning, onyo la kwamba jina linaachwa, weka stacklevel=2, ili onyo limwonyeshe mtumiaji mstari wake yeye badala ya wetu. Lakini msilitegemee peke yake. Kwa kawaida Python hulificha onyo hilo lisipotokea kwenye faili linaloendeshwa moja kwa moja, kwa hiyo mtu anaweza kukaa nalo mwaka mzima asilione. Waandikieni watu. Mimi siku hizi nawapigia simu wale ninaowajua, na wa Malindi nimewahi kuwafuata kwa basi.

6. Kuondoa jina ni kazi ya toleo kubwa, tarakimu ya kwanza, na si siku nyingine yoyote.

7. Komiti ya majina iandikwe kwenye .git-blame-ignore-revs, faili la komiti za kurukwa git inapotafuta nani aliandika mstari, la sivyo mstari wa miaka mitano utasoma kwamba umeuandika wewe jana.

Mwanangu wa ombi la Jumatatu, sijalifunga. Majina uliyochagua ni mazuri, na bamvua_ijayo inasomeka kuliko yangu. Leo baada ya isha njoo barazani na kompyuta yako. Tutaanza na rekebisha_saa, na kijana wa karatasi nimemwambia aje na darasa lake tuliendeshe hapo hapo.