Matumbo ya ng'ombe kwa mapishi ya Guangzhou, na ile kitu ya dume

Wale mnaoenda Guangzhou kufunga mzigo, msiishie kwenye wali na kuku pale Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi, kila siku, tokeni kidogo mtafute niuza. Ni utumbo, mapafu, wengu na kano za ng'ombe vimechemka pamoja na figili nyeupe kwenye sufuria moja pana, muuzaji anavuta kipande anakikata kwa mkasi juu ya bakuli lako, kacha kacha kacha, anamwagia mchuzi na pilipili, unakula umesimama. Muislamu uliza kwanza maana ya barabarani mengi siyo halali, ila migahawa ya Wahui, Wachina Waislamu, ipo na ng'ombe ndo kazi yao.

Nikiwa Dar napika mwenyewe. Kinachowashinda wengi ni mapafu. Mwambie wa buchani asiyakatekate, akuachie na koo lake, ukifika home chomeka koo kwenye bomba ufungulie maji taratibu, pafu linavimba mpaka unahisi litapasuka, unafunga, unakamua, linatoka povu la damu, unarudia hivyo hivyo mpaka liwe jeupe. Likiwa bado lina wekundu usilipike, mchuzi mzima utanuka. Kisha kata, chemsha na tangawizi kidogo, yale maji mwaga.

Kano zinataka moto mdogo kama masaa matatu, kwahiyo zitangulie, utumbo na mapafu vifuate, figili iingie mwishoni. Viungo ni tangawizi, mdalasini, sosi ya soya, sukari kidogo, kale kaviungo kenye umbo la nyota, na maganda makavu ya chenza. Hayo maganda usiyadharau, yanakata harufu kuliko chochote, ya kule Xinhui, kusini mwa China, yaliyokaa miaka mingi bei yake utashangaa, wewe anika ya kwako tu juani.

Haya, ile kitu ya dume, yaani uume wa ng'ombe. Wenyewe wanaiita niu bian. Unaipasua kwa urefu, unatoa mrija wa ndani wote (harufu iko humo), unamenya ngozi ya juu, unachemsha na tangawizi unamwaga, ndo unaipika taratibu na tende za Kichina na goji (vitunda vidogo vyekundu vilivyokaushwa) mpaka iwe laini kama kongoro. Ladha yenyewe haina, inabeba ya mchuzi.

Wachina wa zamani wanaamini kiungo kinalisha kiungo, mapafu kwa mwenye kikohozi, kano kwa magoti, na hiyo ya dume unajua mwenyewe kwa nini wazee wanaagiza. Pia kuna vyakula vya moto na vya baridi, ng'ombe anapasha mwili, figili inapoza, ndo maana havikosi kukaa pamoja. Hilo la figili mi naliunga mkono kwa sababu ya utamu tu. Ila kaka zangu mnaokimbilia supu ya pweza, msihamie huku mkitegemea maajabu, hiyo niu bian ni kolajeni tu, ikifika tumboni inameng'enywa kama protini nyingine yoyote. Una tatizo nenda kwa daktari. Na mwenye gauti aache kabisa, mapafu na wengu vinapandisha yuriki asidi, usiku kidole gumba cha mguu kitakufanya ulie.

Mchuzi ukibaki weka kwenye friji, mafuta yakiganda juu yatoe, asubuhi chemshia tambi humo.