Ukipewa kuandika wasifu wa mzee aliyepigana Kagera

Wasifu mwingi unaosomwa misibani siku hizi una kasoro moja kubwa. Ugonjwa wa marehemu unapewa aya nzima, kutoka zahanati hadi hospitali ya rufaa, halafu miaka themanini ya maisha inabanwa kwenye mistari mitatu: alizaliwa, alijiunga na jeshi, alistaafu. Baba yetu alipofariki, ukoo ulinikabidhi mimi kazi hiyo. Naandika haya kwa yeyote ambaye mzee wake ni wa kizazi kilichovuka mpaka wa Mutukula kuingia Uganda katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, maana wengi wao umri umekwenda na kazi hii itawafikia watoto wao.

Kwanza, tarehe. Ukimuuliza mama "ilikuwa mwaka gani?" atakwama. Ukimuuliza "daraja la Kyaka lilipovunjwa ulikuwa wapi?" ataongea mpaka chai ipoe. Kwa hiyo nilichukua karatasi nikaigawa katikati. Upande mmoja niliandika mwenendo wa vita: majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, kuingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere kutangaza, tarehe 2 Novemba, kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, kisha majeshi yetu kuiteka miji ya Uganda: Mutukula Januari 1979, Masaka Februari, Lukaya Machi, Kampala tarehe 11 Aprili. Upande wa pili nikamwachia mama aujaze kwa mambo ya nyumbani.

Hapo ndipo maisha ya baba yalipojitokeza. Kaka yetu mkubwa alizaliwa wiki ileile ya hotuba ya Mwalimu, na baba alikuwa ameshapandishwa kwenye lori kwenda mpakani. Kampala ilipoanguka mtoto alikuwa anajifunza kukaa. Baba aliporudi alimkuta anatembea, na mtoto alipomwona yule mwanamume mgeni mwenye ndevu akakimbilia jikoni kwa bibi, akilia.

Mama anasema baba hakumlazimisha. Kila asubuhi alitoa kigoda nje, akakaa, akawa anamenya kiazi kitamu kilichochemshwa. Anakata kipande, anakiweka kwenye sahani pembeni yake, kisha anageuza uso kutazama barabarani. Mtoto anakuja, anachukua, anakimbia. Kesho yake sahani inasogezwa karibu kidogo na mguu wake. Majirani walikuwa wanataka kumpokea shujaa, wamuulize habari za Kampala, na yeye akawaambia wasubiri. Hakutoka kwenda kumsalimia mtu mpaka siku ile mtoto alipokaa mwenyewe mapajani mwake.

Habari hiyo niliiweka mbele, kabla ya Lukaya. Baba mdogo mmoja hakupenda. Alitaka wasifu uanze na mizinga. Nilimweleza kwamba vita vilichukua miezi michache na ubaba ulichukua zaidi ya miaka arobaini, na bado naamini nilipanga sawasawa.

Lakini vita navyo visirukwe, na hapa usitegemee aliyoyasema nyumbani. Baba kuhusu Lukaya alikuwa na sentensi moja tu: "Maji yalikuwa mengi." Wenzake ndio waliotueleza kwamba barabara pale inakatiza kwenye kinamasi, kwamba wanajeshi wa Amin pamoja na Walibya waliokuja kumsaidia waliwarudisha nyuma, na vikosi vyetu vikajipanga upya na kuirudisha Lukaya. Wazee hawa utawatambua msibani. Wanafika mapema, wanakaa pamoja, wanasalimiana kwa "afande" hata kama mmoja amestaafu zamani na anatembelea mkongojo. Wapelekee chai, kaa chini, uliza: "Baba alikuwaje kambini?" Ukiwauliza habari za mapigano watakupa ramani, ila ukiwauliza juu yake watakupa mtu. Sisi tuliambiwa kwamba baba ndiye aliyekuwa akiwaandikia barua mgambo waliokuwa hawajui kuandika, na kwamba jina la mdogo wetu wa mwisho ni la rafiki yake aliyezikwa kwenye makaburi ya mashujaa pale Kaboya, Muleba. Mdogo wetu alibeba jina hilo maisha yake yote bila kujua limetoka wapi.

Cheo usikipandishe. Andika kile kilichomo kwenye karatasi zake. Kama mzee wako alikuwa mgambo, akaitwa, akapigana, akarudi shambani kwake, andika hivyohivyo kwa heshima zote. Wengi waliokwenda Kagera walikuwa wa namna hiyo, na ukimpa nyota ambazo hakuwa nazo, wenzake waliokaa pale mbele watajua mara moja.

Orodha ya "ameacha" ipitiwe na mama na mashangazi kabla haijachapwa. Watoto wote watajwe, pamoja na waliolelewa nyumbani bila kuzaliwa humo. Baba alisomesha watoto wa wenzake waliofiwa, na mmoja wao alikuja msibani kutoka mbali. Jina lake kukosekana lingekuwa jeraha ambalo rambirambi haziliponyi.

Ugonjwa umalize kwa sentensi moja. Wasifu usizidi kurasa mbili, kwa sababu mshereheshaji atakuwa anaangalia saa na safari ya makaburini inasubiri. Msomaji awe mjukuu mwenye sauti thabiti, asiwe mtoto wa marehemu; mtoto atafika kwenye jina la mama yake na kushindwa kuendelea. Mpe karatasi usiku wa kuamkia mazishi aisome kwa sauti mara kadhaa, hasa majina ya vijiji na ya ukoo.

Toa nakala za kuwatosha wenzake wa jeshini. Watakunja na kuweka mfukoni, na kuna watakaokuita pembeni wakuombe uje uwaandikie wa kwao wakiwa bado hai. Kubali, na siku utakapokwenda, hakikisha mke wa mzee huyo yupo mezani.