Shali ya Kashmir kwa riwaya za mapenzi za kitambo

Dada unauliza mbona kwa riwaya za mapenzi za Uingereza ya kitambo lazima msichana apewe shali ya Kashmir, ile sehemu ya milima kaskazini mwa India. Si urembo tu. Karibu mwaka 1800 magauni yao yalikuwa ya melimeli nyepesi na baridi ya huko si hii yetu ya Kisumu, halafu shali yenyewe si leso ya soko la Kibuye, inafumwa na manyoya laini ya mbuzi wa milimani, fundi anapitisha vijiti vidogo vya uzi rangi moja moja, shali moja inaweza kula mwaka mzima, kwa hivyo jamaa akikupea hiyo ujue amejipanga. Baadaye Paisley huko Scotland wakaanza kufuma za kuiga, bei rahisi. Kinachoniudhi, kwa hizo riwaya fundi wa Kashmir hatajwi kabisa.