Je, kondoo haruhusiwi kumuuliza mchungaji wake?

SWALI: Baba Mchungaji, mimi ni mjane, naishi Urambo, nalima tumbaku. Baada ya malipo ya msimu huu nilitoa malimbuko na mchango wa bati za kanisa. Bati hatujaziona. Niliuliza kwenye kikao cha akina mama, na Jumapili iliyofuata mchungaji wetu akasema madhabahuni kwamba kondoo hamuulizi mchungaji, kondoo hufuata tu, na amgusaye mpakwa mafuta wa Bwana anajitafutia laana. Wiki mbili baadaye mwanangu akashikwa na degedege. Wenzangu wanasema ndiyo ile laana, niende nikatubu. Je, nilitenda dhambi? Na je, Biblia inatuita kondoo kwa sababu hatutakiwi kuuliza?

JIBU: Binti yangu, kabla ya kondoo tuongee habari za mtoto. Degedege mara nyingi huja na homa kali, na huku kwetu Tabora homa kali ya mtoto hushukiwa malaria kwanza. Kama hajapimwa, mpeleke leo kituo cha afya. Haya mengine utayasoma ukirudi. Sijaona mahali popote katika Injili ambapo Yesu alimtia mtoto ugonjwa ili kumfunga mama mdomo. Nimemwona yule mama Mkanaani aliyembishia Bwana uso kwa uso kuhusu makombo yaangukayo mezani. Binti yake akapona saa ile ile, na mama akasifiwa imani yake.

Sasa kondoo. Swali lako si la Urambo peke yake, nimeletewa na watu wa Kaliua na wa Kigoma, na huwa linachacha pesa za mazao zikishatoka.

Mimi nimechunga. Nilikulia upande wa Nzega, mbuzi na kondoo zizi moja, na adui yetu alikuwa fisi. Jioni baba mdogo alisimama mlangoni mwa zizi akihesabu. Akikosekana mmoja, aliyekuwa anaulizwa ni mimi niliyeshika fimbo: ulikuwa wapi, ulilala, ulikwenda kuogelea? Kondoo aliyerudi hakuulizwa kitu. Anayesema kwamba mfano huu umewekwa ili mchungaji asiulizwe, nadhani hajawahi kurudi nyumbani na kondoo pungufu.

Biblia inaujua mlango ule wa zizi. Yakobo anamwambia Labani, mkwewe aliyemchungia mifugo, kwamba kwa miaka 20 mnyama aliyeraruliwa hakumletea, alilipa yeye mwenyewe. Torati, katika Kutoka 22, inamtaka mchungaji alete mabaki ya aliyeraruliwa yawe ushahidi. Ndiyo maana Amosi anataja mchungaji anayepokonya kinywani mwa simba miguu miwili au kipande cha sikio. Miguu miwili haifufui kondoo, lakini inamwonyesha mwenye mali kwamba hakuuzwa. Tangu mwanzo mchungaji ni mtu wa kutoa hesabu, kwa sababu kondoo si wake. Hata Petro, alipokabidhiwa kundi katika Yohana 21, aliambiwa "Lisha kondoo zangu." Hakuambiwa kondoo zako.

Manabii walipoutumia mfano huu kwa hasira, hasira iliwaendea akina nani? Soma Ezekieli 34 yote, jioni moja inatosha. Wachungaji wa pale ni wafalme na wakuu wa Israeli, maana katika nchi zile mfalme aliitwa mchungaji. Hata Koreshi wa Uajemi anaitwa hivyo katika Isaya 44. Mungu anawashtaki kwamba wamejilisha wenyewe, wamevaa manyoya, wamechinja walionona, wagonjwa hawakuwatia nguvu, waliopotea hawakuwatafuta. Kisha anasema atawataka kondoo zake mikononi mwao. Kosa la kuuliza maswali halimo katika mashtaka yale. Nimetafuta.

Mchungaji wako atakujibu kwa Zaburi 105: "Msiwaguse masihi wangu," yaani wapakwa mafuta wangu. Hapa ndipo ninapokasirika, nisamehe. Zaburi ile inawataja waziwazi Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wakiwa wachache, wageni, wakitangatanga taifa hadi taifa na mifugo yao, na Mungu akiwakemea wafalme kwa ajili yao. Ni neno la kumlinda mnyonge asiye na ardhi asidhuriwe na mwenye nguvu. Leo mwenye kipaza sauti analitumia dhidi ya mjane. Andiko limegeuzwa kichwa chini, miguu juu, na watu wanasema amina.

Wengine huleta Isaya 53, kondoo anyamazaye mbele yao wamkatao manyoya. Kondoo yule ni Bwana mwenyewe, aliyenyamaza akibeba dhambi zetu. Na hata yeye, usiku ule wa kukamatwa kwake, mtumishi alipompiga kofi, aliuliza: "Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya; bali kama nimesema vema, wanipigia nini?"

Tena kondoo wa Yohana 10 si zoba. Ana sikio. Mgeni hamfuati, humkimbia, kwa sababu sauti yake haijui. Utapimaje sauti kama umekatazwa kupima? Angalia pia neno "huwatangulia". Sisi huku tunachunga kutoka nyuma, tunaswaga, fimbo hewani, na nahisi picha hiyo imetuingia mpaka kanisani. Mchungaji wa Yohana anakwenda mbele, kwa hiyo penye hatari anafika yeye kwanza. Na lile gongo la Zaburi 23 (vijana hucheka nikilisoma, wanawaza gongo lile la kunywa) lilikuwa la kumpigia mnyama mkali. Daudi aliyeimba zaburi hiyo alikuwa mfalme, naye humo ni kondoo.

Lakini nisikudanganye kwa upande wa pili. Waebrania 13:17 imo: "Watiini wenye kuwaongoza." Imo, na mimi naihubiri. Imalizie tu: wanakesha "kama watu watakaotoa hesabu". Vilevile usije ukamwita mwizi kila mtumishi anayekula kwa kazi yake. Paulo anauliza ni nani achungaye kundi asinywe maziwa yake. Maziwa ni haki. Paulo huyo huyo alipobeba mchango wa makanisa, 2 Wakorintho 8, alisafirisha pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu asije akawalaumu kwa habari ya fedha ile, akatafuta yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Mtume aliona hatari hiyo kwake mwenyewe. Petro naye anawaambia wazee wachunge "si kwa kutaka fedha ya aibu."

Kwa hiyo kuuliza bati ziko wapi si dhambi. Ila namna ya kuuliza tuiangalie. Sijasikia upande wa mchungaji wako. Huenda fedha hazijatimia, huenda fundi amekula malipo ya awali, hayo hutokea. Kamwone kwanza, ukiwa na mama mmoja mtu mzima anayeheshimika. Asipokusikiliza, andikeni barua kwa wazee wa kanisa na mweka hazina, fupi, kiasi gani kilikusanywa, kiasi gani kimetumika, risiti ziko wapi. Inakaribia njia ya Mathayo 18. Usianze na kundi la WhatsApp. Ukianzia huko hutapata bati, utapata vita. Na wale wanaokuambia habari ya laana, wasomee mbele kidogo Ezekieli 34, pale Mungu anapohukumu kati ya kondoo na kondoo, kwa sababu walionona waliwasukuma dhaifu kwa mbavu na mabega. Mama mwenye mtoto mgonjwa huletewa uji, haletewi hukumu.

Hukuniambia ulisema nini hasa katika kikao kile. Ikiwa katika uchungu ulimtukana mchungaji au ukamwita jina baya, nenda ukaombe radhi kwa tusi hilo. Swali la bati liache pale pale lilipo.