MASWALI YENU: Babu yule yule, familia nyingine?

SWALI: Shikamoo anti. Nimemaliza High Kick ya kwanza, ile komedi ya TV ya Kikorea, nikaanza ya pili, mbona babu ni yule yule ila familia siijui kabisa? Nimeruka sehemu? — Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujaruka kitu, sizoni zote tatu zilirushwa na kituo cha TV cha MBC cha Korea Kusini lakini kila moja ina familia yake, mwongozaji ndo yule yule Kim Byung-wook. Babu ni mwigizaji Lee Soon-jae, na kinachochanganya watu ni kwamba wahusika wengi wanatumia majina halisi ya waigizaji, so kwenye hizo mbili ulizoziona anaitwa Soon-jae tu. Ya kwanza (2006 hadi 2007, epsodi 167!) ni daktari wa tiba za asili, halafu mkwewe Hae-mi naye daktari na wagonjwa wanamkimbilia yeye, mzee kanuna, bibi Moon-hee naye roho inamuuma kila akimwona huyo mkwe anavyojiamini ndani ya nyumba, mtoto wao Jun-ha kafukuzwa kazi yupo tu home anacheza na hisa. Mi naipenda hiyo kuliko zote. Ya pili inachekesha pia, ila andaa leso, mwisho wake mashabiki wengine hawajausamehe mpaka leo.