Muulize Sista: dripu inayotonatona, plastiki ya leba na mengine ya mwezi huu

Mwezi huu barua ni nyingi na karibu zote zinalalamikia kitu kimoja, kwamba mtu kaenda hospitali kafanyiwa jambo ambalo zamani halikuwepo, au kanyimwa jambo alilozoea kuliona, na hakuna aliyemwelezea. Wenzangu wa wodini mnanisoma humu, jamani semeni na watu, dakika 2 zinatosha. Haya tuanze.

Shikamoo Sista. Mwanangu wa miaka 3 alipata homa usiku mwili unachemka ila miguu ya baridi, anahema juu juu, tukakimbilia hospitali ikaonekana malaria kali wakamchoma sindano, sasa dripu wakaiweka inatonatona kidogo mno, nikamwambia dokta fungulia maji yaende mtoto kaishiwa nguvu, akakataa kata kata. Amepona namshukuru Mungu lakini bado inaniuma, ule ulikuwa ubahili wa dawa au ndo walikua wanamjaribia? Baba Neema, Korogwe

Marahaba Baba Neema, na pole sana kwa usiku huo. Ubahili haupo hapo. Huyo dokta kasoma, na alichokisoma kimetoka jirani yako kabisa, Muheza.

Ngoja nikueleze manake hii habari naipenda. Miaka yote vitabu vilisema mtoto akija na homa kali, miguu ya baridi, mapigo ya moyo yanakimbia, mfungulie maji ya mshipa mengi kwa haraka ndani ya saa 1 damu ipate kuzunguka. Wazungu walikuwa wanafanya hivyo kwao, sisi huku wengi tulikuwa tunasikitika tu kwamba maji hayatoshi. Sasa kuanzia 2009 mpaka mwanzoni mwa 2011 ikafanyika risechi moja kubwa inaitwa FEAST, kwenye hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, ya kwetu ikiwa Teule ya Muheza, aliyeiongoza ni Profesa Kathryn Maitland anayefanya kazi Kilifi. Watoto 3,141 wakagawanywa kwa bahati nasibu, kuna waliopewa maji ya chumvi mengi kwa haraka, kuna waliopewa albumini (maji yenye protini ya damu) kwa haraka, na kuna ambao hawakufunguliwa maji ya haraka kabisa, wakawa wanapewa ya kawaida taratibu pamoja na dawa zao za malaria, antibayotiki, oksijeni, na damu kwa aliyepungukiwa. Yaani kama mwanao.

Kila mtu alitegemea waliofunguliwa maji watafanya vizuri. Ikawa kinyume. Ndani ya saa 48 walifariki kama 10.5 katika kila 100 waliofunguliwa maji, iwe ya chumvi au albumini, na 7.3 katika kila 100 ambao hawakufunguliwa. Wasimamizi wa usalama wakaisimamisha kabla hata haijafika idadi iliyopangwa. Na ukisema labda maji yaliingia mapafuni, hapana, walipochambua vifo vingi vilitokana na moyo na mzunguko wa damu kushindwa, sio kuzama kwa mapafu. Wapo wataalamu waliokasirika wakasema haiwezekani, lakini namba ndo hizo.

Ila wewe na wengine mnaosoma hapa msije mkalitumia vibaya jibu langu. Mtoto anayeharisha na kutapika mpaka macho yameingia ndani hakuwemo kwenye ule utafiti, wala mwenye utapiamlo mkali, wala aliyeungua moto. Anayeharisha anahitaji maji, yawe ya ORS (ile poda ya chumvi na sukari ya kukoroga) yawe ya mshipa, na haraka. Kwaiyo usimkatalie dokta dripu eti Sista kasema.

Kuhusu kujaribiwa, mwanao hakujaribiwa, yeye kala matunda ya watoto wa wenzako waliokubali. Na hapo kulikuwa na kazi kweli, mtoto anakata roho utamkalisha mama umsomee fomu? Walichofanya ni kupata kwanza neno la mdomo la mzazi, hali ikitulia ndo wanakaa nae kumweleza vizuri na kusaini. Siku mtu akikuomba umuingize mtoto kwenye utafiti una haki ya kuelezwa kwa Kiswahili, kuuliza kibali cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) kipo wapi, kukataa, na hata kujitoa katikati na matibabu yakaendelea kama kawaida.

Sista habari. Mdogo wangu kajifungua juzi, nikachungulia naona wamemlaza juu ya plastiki lina mfuko chini na mistari na namba kama jagi la kupimia, damu yote inaingia humo nesi anaangalia angalia. Sijawahi ona. Mama mkwe wake anasema damu inakusanywa ikauzwe!! Dada Rehema, Kibaha

Mwambie mama mkwe damu ile ikishapimwa inamwagwa, hainunuliwi na yeyote hahaha.

Rehema mi nimefanya leba enzi ambazo damu unaikadiria kwa macho. Shuka limelowa, unasema kama mia tatu hivi, mwenzako anasema mia sita, mnaandika mia nne mnaendelea, na mama yupo pale anaongea nanyi vizuri tu, dakika kadhaa baadae amebadilika rangi. Kumwaga damu baada ya kuzaa kunaua kwa sababu kunagundulika kwa kuchelewa.

Sasa kuna utafiti ulitoka 2023 unaitwa E-MOTIVE, ulifanyika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, wanawake zaidi ya laki 2 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Hapa waliogawanywa ni hospitali zenyewe, sio mama mmoja mmoja. Nyingine ziliendelea na mtindo wao, nyingine zikapewa plastiki hilo ulilosema na wakunga wakafundishwa kwamba damu ikifika mstari wa mililita 500, au 300 huku mapigo au presha vimeanza kuyumba, usisubiri mtu: kanda mji wa mimba, choma oksitosini ya kubana mji wa mimba, weka dawa ya traneksamiki ya kuzuia damu kuvuja, weka maji ya mshipa, kagua kama kumechanika au kuna kipande cha kondo kimebaki, na vyote hivyo vinaenda kwa pamoja. Mwanzo mtindo ulikuwa unafanya kimoja, unasubiri uone, unafanya kingine, na kusubiri huko ndo kunakoondoka na mtu.

Waliotumia plastiki waligundua 93 katika kila wamama 100 waliokuwa wanamwaga damu kupita kiasi, waliotumia mtindo wa zamani waligundua 51 tu. Yaani nusu walikuwa wanapita hivi hivi! Na waliofikia hatua mbaya, kumwaga lita nzima au zaidi, kupasuliwa sababu ya damu, au kufariki, walikuwa 1.6 katika 100 kulinganisha na 4.3. Mwaka huo huo WHO, Shirika la Afya Duniani, wakaupitisha huo utaratibu. Kwaiyo sio majaribio tena Rehema, akijifungua tena mahali ambapo halipo hilo plastiki wewe ndo uulize liko wapi.

Oya Sista mambo. Mi dereva boda Arusha, nimevunjika muundi mfupa ukatoka nje, wameniosha na maji ya chumvi tu hata sabuni hamna, alafu wanasema nichague chuma cha ndani au vile vyuma vya nje vya kutoboa. Mshkaji wangu anauliza kipi bora? Na je nikienda kwa mganga wa mifupa kijijini? Chalii wa Kijenge

Poa chalii, pole. Tuanze na sabuni kwa sababu hapo umewaonea. Kuna utafiti unaitwa FLOW, ulitoka 2015, watu 2,447 wenye mfupa uliotoka nje kama wewe, wengine wakaoshwa na sabuni wengine maji ya chumvi. Wa sabuni waliorudishwa thieta ndani ya mwaka ni 14.8 katika 100, wa maji ya chumvi 11.6. Na kuosha kwa mashine yenye presha kubwa hakukuzidi kuosha kwa presha ndogo ya kawaida. Kwaiyo ulichofanyiwa ndo chenyewe na ni cha bei rahisi.

Chuma: MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, walifanya utafiti wao, ukachapishwa 2020, wakalinganisha hasa hayo mawili kwa watu wazima waliovunjika muundi na kidonda. Kwenye kurudi kufanyiwa operesheni nyingine au kidonda kuoza, baada ya mwaka 1 hapakuwa na tofauti ya kuaminika kati ya makundi. Ila wa chuma cha ndani mguu ulikuwa unanyooka vizuri zaidi na miezi ya mwanzo walijisikia nafuu zaidi. Mi ningekuwa wewe na kidonda kikawa kisafi ningechukua cha ndani, lakini kidonda kikiwa kimechafuka sana daktari akisema cha nje msikilize, yeye kakiona kidonda mimi sijakiona.

Mganga wa mifupa hapana. Mfupa uliotoka nje sio wa kufunga vijiti na majani, nimeona miguu inakatwa kwa hilo na nimechoka kuiona. Na elmeti uliyokuwa unaning'iniza kwenye usukani ivae, inapunguza hatari ya kufa kwa kama asilimia 42 ukipata ajali, na kuumia kichwa asilimia 69.

Na kitu kimoja waambie wenzako kijiweni. Ile dawa ya traneksamiki niliyoitaja kwa Rehema ndo hiyo hiyo inayosaidia majeruhi wa ajali wanaovuja damu, mama mmoja mtafiti wa Japani Utako Okamoto na mumewe ndo waliivumbua miaka ya 60. Ilijaribiwa kwa majeruhi zaidi ya 20,000 wa nchi 40, matokeo yakatoka 2010, inaokoa, LAKINI ichomwe ndani ya saa 3 tangu mtu aumie na ikiwezekana ndani ya saa 1, ikipita saa 3 inaweza hata kudhuru. Sasa nyie mnakaa kwenye eneo la ajali mnapiga picha na kubishana nani kamgonga nani.

Sista mimi ni mkunga kituo cha afya huku Kanda ya Ziwa. Tumeletewa mwanasesere, kila tukiingia shifti tuminye ambu begi (lile la kumpulizia mtoto hewa) dakika kadhaa kama watoto wa chekechea. Nina cheti cha semina ya siku nzima ya kusaidia kichanga asiyepumua, kwanini nirudie rudie? Msinitaje

Sikutaji, ila hiyo semina yako ya siku 1 ndo shida yenyewe. Hospitali ya Haydom kule Manyara walipima hili jambo. Wakunga wakapewa mafunzo ya siku moja, wakapimwa kwa mwanasesere wakafaulu vizuri kabisa, alafu watafiti wakaenda kuwaangalia leba na watoto wa kweli, hakuna kilichobadilika! Ilichapishwa 2013. Wakabadili mtindo, dakika chache chache za mazoezi hapo hapo kazini mara kwa mara, na vifo vya vichanga ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 mpaka 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mikono inasahau haraka kuliko kichwa, na cheti kinabaki ukutani hakijui.

Baadae ikapanuliwa vituo 30 kwenye mikoa 5, ripoti ikatoka mwanzoni mwa 2025, vifo vya kina mama vikashuka kwa kama robo 3 na vya vichanga vya mwanzo kwa asilimia 40. Sitasema yote ni kazi ya mwanasesere, manake walipewa pia vifaa vya kusikiliza mapigo ya mtoto na walikuwa wanakaa wenyewe kupitia takwimu zao na kuulizana hapa tulikosea wapi. Lakini minya hilo begi mdogo wangu.

Nilifanyiwa operesheni ya henia, nikaulizwa jina langu na upande gani mara 3 na watu tofauti. Nikaogopa, hawanijui? Mzee Kassimu

Shikamoo mzee wangu. Wanakujua sana, hiyo ni orodha ya WHO ya usalama wa upasuaji, na ilipojaribiwa kwa mara ya kwanza dunia nzima hospitali zilikuwa 8 tu, kuna London, kuna Toronto, na kuna Ifakara yetu. Matokeo ya 2009, vifo vilishuka kutoka 1.5 kwenda 0.8 katika kila 100. Jina, upande, antibayotiki imeshachomwa?, gozi zimehesabiwa? Ila nisikufiche, Kanada jimbo la Ontario hospitali 101 ziliilazimisha na utafiti wa 2014 haukuona vifo vikipungua kwa maana, na mi nadhani najua sababu, nimeona watu wanaijaza ile karatasi mgonjwa akiwa ameshapelekwa wodini. Wewe waliokuuliza mara 3 walikuwa wanafanya kazi.

Ni kweli kidole tumbo siku hizi kinatibika kwa vidonge bila kupasuliwa? Nipo mwaka wa pili chuo. Asha

Kweli kiasi, Asha. Marekani walijaribu kwa watu 1,552, matokeo ya 2020, waliopewa antibayotiki 29 katika 100 walikuwa wameshapasuliwa ndani ya siku 90, na Finland walifuatilia wao miaka 5 wakakuta kama 39 katika 100 kilirudi. Hao wote walithibitishwa kwa vipimo vya picha kwanza na walikuwa karibu na hospitali inayoweza kuwapasua usiku wowote. Kule Marekani wenye kijiwe ndani ya kidole tumbo ndo walioishia kwa kisu zaidi. Kama tumbo linakuuma saa hizi upande wa kulia chini na unatapika, acha kuniandikia mimi, nenda hospitali sasa hivi na usile kitu njiani.