Chuma cha Matundu Manne Kutoka Namasagali

SWALI: Ndugu Mhariri, tulipokuwa tukichimba msingi wa jiko nyumbani kwetu Namasagali, wilaya ya Kamuli, tuliibua kipande cha chuma kizito, kilichonyooka, chenye urefu wa takriban sentimita 45. Kina matundu manne yenye umbo la yai, na kingo zake mbili ndefu zimelala mshazari. Jirani anadai kuwa ni springi ya trekta, mjomba anasema kimetoka kwenye mashine ya kuchambulia pamba, na mnunuzi wa vyuma chakavu amekwisha kuja kukiulizia. Je, ni kitu gani?

Msomaji, Namasagali

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maelezo yako, na kwa mahali kilipopatikana, hicho ni bamba la kuungia reli. Springi ya trekta ingekuwa nyembamba na iliyopinda, tena aghalabu ina tundu moja tu katikati.

Mabamba haya hutumika mawili mawili, moja kila upande wa reli, pale ncha za reli mbili zinapokutana. Kingo za mshazari ndizo siri ya kazi yake: bolti zinapokazwa, bamba hujisukuma kati ya kichwa cha reli na kitako chake, likabana juu na chini kwa wakati mmoja. Matundu ya umbo la yai nayo yana sababu. Bolti ya reli ina shingo ya umbo hilohilo chini ya kichwa chake, hivyo fundi anapokaza nati upande wa pili, bolti haizunguki, naye hahitaji mwenzake wa kuishika. Mara nyingi bamba la upande wa nati huwa na matundu ya mviringo, kwa hiyo huenda pacha wa bamba lako bado amefukiwa jirani na hapo.

Kiungio hiki hakibani reli zisisogee kabisa. Reli ya mita 12 ikipata joto la nyuzi 30 zaidi hurefuka kwa zaidi ya milimita 4, ndiyo maana matundu ya reli yenyewe hutobolewa mapana kuliko bolti na nafasi ndogo huachwa kati ya ncha. Kelele za magurudumu ambazo wasafiri wa zamani wanazikumbuka zilitoka kwenye nafasi hizo.

Namasagali ilifikiwa na reli kutoka Jinja mwaka 1912, ili mizigo iyaepuke maporomoko ya Nili na kupakiwa melini kuelekea Ziwa Kyoga. Pamba ilikuwa mzigo mkuu wa njia hiyo, kwa hiyo mjomba wako hakukosea mbali.

Nakusihi usimuuzie mnunuzi huyo. Vyuma vya reli ni mali ya umma, na biashara ya kuving'oa imehatarisha maisha ya watu kwenye njia ambazo treni bado zinapita. Kisugue kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, usitumie mashine ya kusagia chuma, kisha chunguza upande wake wa nje: ukiona herufi au tarakimu zilizochomoza, zipige picha na utuletee. Baadaye kipeleke kwenye makumbusho ya reli yaliyopo Jinja, ukiwaeleza mahali hasa ulipokikuta na kilikuwa chini kiasi gani ardhini.